Majani ya kingoni mwa bwawa la samaki: namna ya kuyaondoa yasirudi upesi

Bwawa la nyuma ya nyumba huvamiwa kutoka kingoni. Pale maji yanapoishia kwenye kifundo cha mguu au gotini, jua hupenya hadi kwenye tope, mbegu inapata joto na mwanga, inaota. Ndiyo maana wengi hufyeka kila mwezi na majani yanarudi kila mwezi: wamekata majani, kina cha maji kimebaki kilekile. Nitaeleza namna ya kukata na kung'oa, lakini nakuomba usome hadi kwenye sehemu ya kina, kwa sababu humo ndimo dawa ilimo.

Ninaishi Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, mjini Morogoro. Bwawa letu liko nyuma ya jiko, mita 10 kwa 15, limechimbwa kwa jembe kwenye udongo wa mfinyanzi, na ndani yake nafuga sato pamoja na kambale wachache. Upande huu wa mji majani hayapumziki. Vuli ikiisha masika yanakaribia, na hata kiangazi unyevu wa mlimani unashuka. Ninayoyasema yanafaa bwawa la udongo lenye samaki. La saruji au la karatasi ya nailoni lina mambo yake mengine.

Zunguka kwanza, mkononi uwe na fimbo tu

Kabla ya kushika panga, lizunguke bwawa lote taratibu ukitazama ni majani gani yaliyoota. Fimbo ni ya kupigapiga mbele yako, maana nyoka na kenge hupenda kulala kwenye majani ya kando ya maji. Kenge mwenyewe ni mwizi wa samaki, na hiyo peke yake ni sababu ya kusafisha.

Matete, mabingobingo na mafunjo husimama wima na kukupita kimo. Nguvu yao iko chini ya tope, kwenye shina nene linalotambaa, na kila pingili ina jicho. Ukifyeka juu, jicho linachipua. Katika kundi hilo weka pia mmea ule wa majani marefu membamba wenye kichwa cha kahawia ambacho kikikauka hupasuka na kutoa sufi. Sufi hiyo ni mbegu, na upepo huibeba mbali. Huo ukate mapema, kichwa kikiwa bado kibichi, hata kama kazi nyingine hujaianza.

Kongwa na sangari huanzia juu ya tuta na kutambaa kuelekea majini. Kongwa, ile yenye ua dogo la buluu, ni mjanja sana: kila kipande chenye kifundo kikiachwa kwenye unyevu huota mizizi. Ukiifyeka kwa fyekeo umeipanda upya bwawa zima. Ivute kwa mkono au kwa reki, iweke kwenye ndoo, hesabu kila kipande kilichoanguka kuwa ni mche.

Ndago ina vitunguu vidogo vyeusi ardhini, vimeunganishwa na nyuzi nyembamba. Ukivuta, nyuzi hukatika na vitunguu hubaki. Huchimbwa kwa uma wa shambani, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Mimi ndago iliyo juu ya tuta huiacha iwe ya mwisho, kwa sababu yapo yanayoumiza samaki zaidi yake.

Magimbi wengi wetu tumeyapanda wenyewe, na ni chakula. Shida huanza yanaposhuka majini na kujaza ukingo, kivuli kikawa kizito na wavu ukakwama kwenye mashina siku ya kuvua. Yachimbe, kula mazao, na miche yake ihamishie upande wa nje wa tuta, kule maji ya kuvuja yanakotuama. Utomvu wake unawasha vibaya, kwa hiyo vaa glavu na usijishike machoni.

Halafu yako yanayoelea: azola, yaani kijimea kidogo chenye vijani kama magamba; vile vijani vingine vya duara vidogo kuliko punje ya mtama; na magugu maji. Azola na vijani hivyo huchotwa kwa chandarua kikuukuu kilichofungwa kwenye fremu ya mti, na bata huyala kwa furaha. Magugu maji ni jambo jingine. Yana ua zuri la zambarau na kuna watu huyachukua kuwa pambo. Usiyaingize kwako hata mche mmoja. Nchini mwetu yalionekana tangu miaka ya 1950 katika mito ya Sigi na Pangani, na mwishoni mwa miaka ya 1980 yakaingia Ziwa Victoria, ambako yamezuia mitumbwi na kufunga mialo. Mmea mmoja hutoa vikonyo pembeni, kila kikonyo kinakuwa mmea, na mbegu zake hukaa hai ndani ya tope kwa miaka mingi. Ukiukuta mmoja bwawani, utoe siku hiyohiyo pamoja na mizizi yake yote. Na bomba lako la kutolea maji lifunge wavu wa waya, usije ukampelekea jirani wa chini.

Miti usiisahau. Mjohoro au mkaratusi unaochipua juu ya tuta ung'oe ukiwa mwembamba kama kidole. Ukiuacha ukakomaa, mizizi yake inapenya tuta. Ukiukata baadaye, mizizi hiyo inaoza ndani na kuacha matundu, na maji yanapita humo. Mti uliokwisha kuwa mkubwa uache hadi siku utakapokausha bwawa, kisha chimba kisiki chote, ujaze shimo kwa mfinyanzi na kushindilia tabaka kwa tabaka.

Saa ya kuingia kazini

Hapa ndipo nataka tuelewane vizuri, kwa sababu kazi ya shamba tumezoea kuianza alfajiri, na kwa kazi ya ndani ya maji alfajiri si wakati mzuri.

Usiku kucha samaki, mimea na vijidudu vya kwenye tope vinatumia hewa iliyo majini, na hakuna inayotengenezwa mpaka jua litoke. Kwa hiyo kunapopambazuka ndipo hewa inapokuwa chache kuliko wakati wote. Bila shaka umewahi kuwaona samaki asubuhi na mapema wakipumulia juu, midomo wazi. Ukiingia saa hiyo ukavuruga tope na mizizi iliyooza, unawamalizia hata ile kidogo iliyobaki. Jua likishawaka siku nzima, maji ya kijani hutengeneza hewa, na alasiri ndipo inapokuwa nyingi.

Upande wa pili kuna afya yako. Kichocho huletwa na vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini, vikapenya ngozi ya mtu aliyesimama ndani ya maji. Konokono hao hukaa hasa kwenye majani ya kingoni, yaani mahali hasa unapotaka kuingiza mikono. Vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Baadaye hupungua, ila haviishi.

Ukiyaweka hayo mawili pamoja utaona kwamba kazi ya juu ya tuta inafaa asubuhi, na kazi inayogusa maji inafaa kuanzia saa kumi jioni hadi kabla jua halijazama. Giza likianza toka, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya mbu. Siku ya mawingu mazito ahirisha, kwani maji hayakupata jua la kutengeneza hewa.

Na hata jioni vaa buti ndefu za mpira na glavu zinazofika kwenye kiwiko. Maji yakikurukia, jifute kwa kitambaa kikavu mara moja. Watoto wasiitwe kusaidia kuvuta majani majini, hata wakiomba wenyewe. Kama umekwisha fanya kazi hiyo miguu mitupu kwa muda mrefu, au kuna anayekojoa damu nyumbani, nenda kituo cha afya upimwe. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli, na haichukui muda mrefu.

Vifaa si vingi: panga, mundu, fyekeo kwa ajili ya tuta tu, reki yenye mpini mrefu, uma wa shambani, jembe, chepe na toroli. Kimoja ninachokipenda kuliko vyote nilitengenezewa na fundi wa hapa mtaani: mundu uliofungwa kwa waya kwenye mwanzi wa mita tatu. Nasimama juu ya tuta nikiwa mkavu na kukata majani yaliyo mbali. Anayeishi jirani na mianzi asikose kimoja.

Robo kwa robo

Kijana anayenisaidia kazi za kibarua ana nguvu na anapenda kumaliza. Kila tunapoanza huniuliza: "Mama, nisafishe yote leo nimalize?" Namjibu: "Hapana baba, leo upande wa jikoni tu."

Ligawe bwawa mara nne. Safisha robo moja, kisha subiri wiki moja au mbili ndipo uende robo inayofuata. Mizizi iliyobaki kwenye tope inaoza, na kuoza kunakula hewa. Ukitoa bwawa zima kwa siku moja, siku chache baadaye utawakuta samaki wanaelea. Siku ya kazi usiwalishe. Kama una maji ya mfereji, yafungulie yaingie kidogo kidogo wakati unafanya kazi.

Mafunjo, matete na wenzao wanaosimama majini wana udhaifu mmoja ambao wengi hawaujui. Mashina yao yana mirija ya hewa ndani, na kwa mirija hiyo mizizi iliyofukiwa kwenye tope lisilo na hewa hupumua. Hata shina kavu lililosimama bado linapitisha hewa. Basi kata chini ya maji. Ingiza mundu sentimita 15 hadi 20 chini ya uso wa maji, kata, na hakikisha hakuna kisiki kinachochungulia. Maji yakikifunika kisiki kwa wiki kadhaa, mizizi inakosa hewa na kuoza. Machipukizi yatakayojitokeza yakate tena kwa namna ileile kabla hayajafika juu. Wakati mzuri ni mwisho wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua: unakata karibu kabisa na tope, kisha mvua za vuli zinapandisha maji na kuvizamisha visiki. Mwaka wa kwanza nilipofanya hivi, mafunjo ya kona ya kaskazini, yaliyokuwa yakirudi kila nikifyeka, hayakurudi.

Yanayotambaa kutoka tutani yavute kuelekea nchi kavu, usiyasukumie majini. Anza nchani, kwenye maji, uviringishe kama mkeka hadi kwenye shina, ndipo ung'oe.

Kabla ya kukata matete tazama juu. Mnana na ndege wenzake hushona viota vyao hapo. Kukiwa na makinda, acha kichaka hicho hadi waruke, haichukui muda.

Kina

Sasa tuingie kwenye dawa yenyewe. Majani mengi ya kingoni hayaoti kwenye maji yanayozidi kina cha sentimita 60 hivi, hasa maji yakiwa ya kijani. Mabwawa yetu ya jembe huanza na kingo nzuri, lakini mvua hushusha udongo wa tuta, ng'ombe na mbuzi hukanyaga, mguu wa kila anayechota maji hubomoa kidogo, na baada ya muda ukingo umekuwa mteremko mrefu wa maji ya kina cha kiganja. Humo ndimo majani yanapolala.

Urekebishe wakati wa kuvua samaki wote, bwawa likiwa tupu. Hiyo ndiyo njia bora. Kama huwezi kungoja, kiangazi shusha maji kama nusu mita, mradi upande wa ndani ubaki na kina cha kutosha samaki wako, zaidi ya mita moja, na kazi iishe haraka. Wakati huo linda bwawa, maana mdiria, mnandi na yangeyange wataona meza imeandaliwa.

Chimba mashina ya matete na mafunjo yote yaliyo kwenye ukingo ulioachwa wazi, kisha chonga mteremko wa ndani: kwa kila mita moja ya kushuka, uende mbele mita mbili. Udongo ukiwa wa kichanga ufanye mlalo zaidi, vinginevyo utaporomoka. Udongo unaoutoa urudishe juu ya tuta na mahali palipoliwa, umwagilie kidogo, ushindilie kwa gogo. Usiurundike bila kushindilia, mvua ya kwanza itaurudisha majini.

Ukingo unaoshuka haraka ni hatari kwa mtoto mdogo. Weka uzio wa fito kuzunguka bwawa na mlango unaofungwa, na acha sehemu moja tu yenye ngazi za mawe kwa ajili ya kuchota na kuvua. Kama una watoto wadogo nyumbani, anza na uzio, kuchonga kutafuata.

Bwawa likiwa tupu, mwaga chokaa ya kilimo chini na kwenye kingo za ndani, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100. Kwa bwawa kama langu ni kilo 15 hadi 30. Inapunguza uchachu wa udongo. Liache likauke hadi tope lipasuke, ndipo ujaze maji.

Ukishajaza, fanya maji yawe ya kijani. Weka samadi kavu ndani ya kizimba cha fito kwenye kona, kama kilo 5 kwa wiki kwa kila mita mraba 100, huku ukitazama rangi. Ukijani huo ni chakula cha sato na pia ni pazia linalozuia mwanga usifike chini. Zamisha mkono: kiganja kikipotea machoni maji yakiwa yamefika kwenye kiwiko, imetosha. Kikipotea kwenye kifundo cha mkono, maji yamezidi uzito, simamisha samadi. Kikionekana hata baada ya kiwiko, ongeza.

Dawa ya majani

Naulizwa mara nyingi kuhusu viuagugu vya dukani. Kwa bwawa la samaki la nyumbani, usipulize. Dawa nyingi zenye glaifosati huchanganywa na aina ya sabuni ya kuifanya inate kwenye majani, na sabuni hiyo ni sumu kwa samaki na kwa vyura, mara nyingi kuliko glaifosati yenyewe. Hata zikiwaacha hai, majani yaliyokufa yote kwa pamoja yataozea majini na kumaliza hewa. Na samaki hao ni wa kuliwa na watoto wako. Bwawa la mita 10 kwa 15 mtu mmoja analimudu kwa mikono.

Majani yaliyotolewa yaende wapi

Usiyaache juu ya tuta. Yakioza hapo, mvua inarudisha mbolea yake majini na kulisha majani mapya, na kongwa na magugu maji yataota kabla hayajakauka. Yasombe kwa toroli angalau mita kadhaa, upande ambao maji ya mvua hayarudi bwawani. Yaanike juani mpaka yawe makavu kabisa, kisha yatengeneze mboji: tabaka la majani, tabaka la samadi, udongo kidogo, na maji. Vichwa vyenye mbegu na vitunguu vya ndago usiviweke kwenye mboji, vichome. Matete marefu yaliyonyooka yatenge, yanafaa uzio na chanja.

Cha kuacha

Tuta lisibaki uchi. Juu yake na upande wa nje panda ukoka, ule mfupi unaotambaa, kwa vipande, na uukate kwa fyekeo usizidi urefu wa kiganja. Ukoka unashika udongo. Ukivuka ukingo kuelekea majini, ukate kwa chepe mstari ulionyooka.

Mimi huacha pia kona moja, kama hatua mbili hivi, yenye majani machache ya kusimama. Vyura hukaa hapo na kereng'ende hutagia hapo, na wote hula mbu. Iwe mbali na bomba la kuingizia na la kutolea maji, na mbali na upande mnaokaa jioni. Majani yake yawe machache kiasi samaki waweze kupita katikati, kwani viluwiluwi vya mbu hujificha pale tu samaki wasipofika.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Kila Jumamosi nazunguka na ndoo na mundu, nang'oa kongwa iliyochungulia na kichipukizi cha mti. Mvua zikianza nazunguka mara mbili kwa wiki.

Na kama bwawa lako linapakana na kijito, simama mwisho wa tuta lako. Majani ya kando ya mto yanashika kingo za mto na kuchuja tope linaloteremka kwa wenzetu wa chini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye kingo za mto, na kuchepusha maji kunahitaji kibali, ambacho kwa sisi wa Morogoro kinatoka Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Magugu maji peke yake ndiyo ya kutoa hata yakiwa mtoni, na ukiyaona mengi mtaarifu mwenyekiti wa mtaa ili mtoke wengi.